Nauli ya Kwenda Kusikilizwa

Mama yangu aliuza kuku ili aende kusikilizwa. Alikuwa koo mwekundu, mtagaji, na mwaka ulikuwa 1979. Siwezi kuukosea, maana ndio mwaka niliojifungua kifungua mimba wangu, na mayai ya koo yule ndiyo niliyokuwa nikipikiwa kila asubuhi. Siku ile nililetewa uji mtupu. Sikuuliza. Usiku nilikuwa nimesikia mlango wa banda ukifunguliwa.

Akina mama waliouza sokoni hapa Sultan Hamud walikuwa wamekubaliana jambo moja dogo: walitaka choo. Kila asubuhi mkusanya ushuru alipita na kitabu chake, akakata tikiti, akapokea pesa, na kila mmoja akaifunga tikiti ile kwenye pindo la leso kama hati ya kumruhusu kuketi pale hadi jua lizame. Lakini haja ilipombana mtu, alivuka reli akaenda vichakani. Walikwenda wawili wawili, mmoja akishika zamu. Mama ndiye aliyetumwa kwenda kusema, kwa kuwa alikuwa amejifunza Kiswahili kwa abiria wa treni, akiwauzia machungwa na mayai ya kuchemsha tangu mimi nikiwa mgongoni mwake. Wenzake waliamini kwamba mbele ya meza ya ofisi maneno huanza kwa Kiswahili.

Aliondoka kabla ya alfajiri, akarudi usiku, viatu mkononi. “Mkubwa hakuwepo,” alisema. “Nimeambiwa nirudi wiki ijayo.” Wiki iliyofuata hapakuwa na koo wa pili.

Ofisi ile siitaji, wala simlaumu karani aliyempokea. Alimpa kiti na maji ya kunywa, na mama hakuwahi kusema neno baya juu yake. Ninachokumbuka ni bei. Tangu siku ile, kila ninapoona serikali ikibadilishwa jina na kuhamishwa makao, huwa nauliza swali la mwanamke aliyeuza kuku: ni nauli kiasi gani kufika mahali ambapo mtu atanisikiliza, na nikifika, nitamkuta?

Mji wetu wenyewe ni mtoto wa safari. Wazee wa Ukambani husimulia habari za Syokimau, mwonaji aliyetabiri kwamba nyoka mrefu wa chuma angetambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na ilipokuwa ikikatiza nyika hii ndipo Sultani wa Unguja, Hamud bin Mohammed, alipokuja kuitazama. Akarudi zake pwani na kutuachia jina. Sisi tunafupisha, tunasema tu “Sultan”: naenda Sultan, nimetoka Sultan. Baadaye ikaja barabara kuu ya Mombasa sambamba na reli, na leo mtu akitoka Nairobi husafiri kilomita 110 hivi, apite Salama na Kima, kabla hajafika kwetu. Upande mmoja ni Makueni, upande wa pili Kajiado. Mkamba na Mmaasai hununua sukari duka moja na kupanga foleni zahanati moja, lakini malalamiko yao huyapeleka kaunti mbili tofauti.

Nilipokuwa msichana, serikali yote ilikuwa Machakos. Makueni haikuwa wilaya mpaka mwaka 1992. Tulikuwa na diwani, na nilimdharau kwa miaka mingi. Alikuwa mtu mzima mwenye koti zito asilolivua hata Februari, na kila alipoulizwa habari za barabara ya kwenda Kasikeu, au dawa, au madarasa, alijibu kwa sauti ya chini kwamba jambo hilo liko juu yake. Tulisema ni mvivu. Wengine walisema amenunuliwa. Nilikuwa nimeshapita umri wa miaka 40 nilipofahamu, kwa kusoma gazeti lililofungiwa nyama, kwamba tangu Januari 1970 serikali kuu ilizipokonya halmashauri za wilaya shule za msingi, afya na barabara. Kilichobakia mikononi mwa diwani wa mashambani ni masoko, machinjio, leseni na ushuru wa mazao. Mzee yule alikuwa akisema kweli tupu. Alikuwa ameshafariki nilipoijua kweli hiyo, na nilikwenda kwa mjane wake na kilo mbili za sukari, nikaketi, nikashindwa kueleza kilichonileta. Naamini alifahamu.

Mpaka leo, kabla sijamlaani mtu wa serikali, hutafuta kwanza kujua sheria imempa nini na imemnyima nini. Hili halimwokoi kila mmoja. Kwa hakika wengi hawaokoki. Lakini choo cha soko kilikuwa ndani ya yale machache yaliyobaki mikononi mwa madiwani, na hapo ndipo nilipojua kwamba hasira yangu juu ya mzee yule ilikuwa na nusu ya haki. Barabara hakuweza. Choo angeweza kukipigania.

Kuna jambo la mwaka 1988 ambalo lazima niliseme, ijapokuwa hakuna aliyenilazimisha. Ule ulikuwa uchaguzi wa mlolongo. Kura haikuwa karatasi, ilikuwa mgongo wako. Ulisimama nyuma ya mtu unayemtaka, au nyuma ya picha yake, mchana, mbele ya chifu na majirani. Mimi nilikuwa nimeomba leseni ya hoteli yangu ndogo pale karibu na steji, na bado sikuwa nimejibiwa. Nilisimama mlolongo wa mtu aliyekuwa ametuahidi choo kile. Ulikuwa mfupi. Nilimwona mwanamume mmoja mwenye kalamu akitembea kando yetu, akitazama nyuso, haandiki kitu, anatazama tu. Nikahama. Hatua kama 30 hivi, kwenye vumbi, kutoka mlolongo mfupi hadi mlolongo mrefu. Mama alibaki mlolongo mfupi. Hakunitazama nikiondoka, na jioni alinipakulia isyo, mahindi na maharage yetu, kama siku zote, akanijazia sahani.

Leseni niliipata. Kama ningeipata bila kuhama, sitajua kamwe. Tangu hapo, kila wakati watu wanapozungumza juu ya kura ya siri kana kwamba ni jambo la kawaida tu, mimi huona zile hatua 30.

Wilaya ya Makueni ilipozaliwa na makao yakawa Wote, tulishangilia kwa sababu tulihesabu kilomita. Ukitoka kwetu unashuka na barabara kuu hadi Emali, halafu unakata kushoto kuingia ndani. Ilikuwa karibu kuliko Machakos, lakini kwa miaka mingi barabara ile ilikuwa ya vumbi na makorongo, na mvua ikinyesha, ukaribu wote unapotea mtoni. Ndipo ikaja Hazina ya Serikali za Mitaa, kwa sheria ya 1998, iliyotoa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima na kuzigawia halmashauri. Kuanzia 2001 zikatakiwa ziwaite wananchi waseme wanataka nini kabla ya pesa kutumika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, serikali ilikuja yenyewe kuniuliza.

Iliniuliza saa tatu asubuhi, siku ya soko. Waliohudhuria ni wanaume 11, wengi wao watu wa kazi za kandarasi, na wanawake wawili, mimi mmojawapo, niliyekuwa nimemwachia mwanangu jiko. Hata hivyo choo kiliingia kwenye orodha. Nilikwenda kumwambia mama, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, akapiga makofi mara moja tu, akasema, “Mwaka gani huu?”

Kuta zilipanda hadi usawa wa madirisha zikasimama. Sitamtaja mkandarasi wala aliyempa kazi. Sina ushahidi wa wizi, na neno hilo si la kurusha kama jiwe gizani. Ninachojua ni kwamba siku niliyokwenda kuuliza kazi imekwama wapi, niliulizwa swali moja jepesi: “Mama, kazi hii ilitengewa kiasi gani?” Sikujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Tulikuwa tumeomba choo, tukapewa neno choo, na hatukuwahi kuomba namba. Mtu asiyejua kiasi kilichotoka hawezi kusema kiasi kilichopotea. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamazishwa na swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza.

Jibu nililipata kwa njia ya harusi. Mwaka 2006 binti wa dada yangu aliolewa Muheza, mkoani Tanga, nami nikasafiri kumpeleka. Tulishuka na basi hadi Mombasa, tukavuka Likoni, tukaingia Tanzania kwa Lunga Lunga. Siku ya tatu baada ya harusi, wenyeji wetu walituomba radhi kwamba hawatakuwepo adhuhuri, kwa kuwa kuna mkutano mkuu wa kijiji. Nikawaomba niandamane nao. Nilikaa nyuma kabisa, chini ya mwembe, mgeni mwenye kitenge kipya.

Mwenyekiti alifungua kikao, akamwita mtendaji, na mtendaji akasimama na daftari akasoma mapato na matumizi ya miezi mitatu. Alisoma kila kitu. Ushuru ulioingia, faini, michango ya darasa, mifuko ya saruji, posho ya fundi, misumari kwa kilo. Ilichukua muda mrefu na watoto wengine walisinzia. Alipomaliza, bibi mmoja mwenye fimbo alisimama akasema kwa utaratibu, “Shikamoo zenu wakubwa, na vijana marahaba. Misumari kilo sita, paa lile mabati 20. Mimi nimeezeka nyumba yangu. Kilo mbili nyingine ziko wapi?” Hapakuwa na makelele. Mtendaji alitafuta kwenye daftari, akasema zimebaki stoo, mwenyekiti akatuma kijana akazilete, na kijana akazileta zikawekwa mezani mbele ya watu wote.

Sidai kwamba kila kijiji cha Tanzania huendeshwa hivyo. Hata wenyeji wangu waliniambia viko vingine ambako mkutano hauitishwi mwaka mzima, ingawa utaratibu wao unataka kila miezi mitatu. Lakini nililiona lile fungu la misumari mezani kwa macho yangu. Na lile neno, mapato na matumizi, nililifunga kwenye mzigo wangu pamoja na machungwa ya Muheza, nikarudi nalo nyumbani.

Kabla ya kurudi nilifanya jambo nililolitamani tangu utotoni. Nilikwenda Dar es Salaam nikapanda boti hadi Unguja, kumtafuta mwenye jina la mji wetu. Pale mbele ya bahari, karibu na Forodhani, mzee mmoja anayewatembeza wageni aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia natoka Sultan Hamud, alicheka kwa furaha, akanishika mkono kama jamaa aliyepotea, akanisimulia. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu, manowari za Uingereza zikaanza kulipiga kasri kwa mizinga. Haikutimia saa moja. Watu karibu 500 wa upande wa Khalid wakauawa na kujeruhiwa, na siku ileile Hamud bin Mohammed akaketishwa kwenye kiti. Mwaka uliofuata alitia sahihi amri iliyoondoa utumwa katika sheria za Unguja. Alifariki 1902.

Nilisimama pale nikitazama maji. Miaka yote nilidhani jina letu ni la mfalme. Kumbe ni la mtu aliyeketishwa na mizinga ya wengine, na watu wake hawakuulizwa. Sikumdharau, ile amri ya 1897 ni kitu kikubwa, na aliyekuwa mtumwa hakujali nani alimshikisha Sultani kalamu. Ila niliondoka na uzito moyoni ambao sikuweza kuutaja.

Miaka minne baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, tulikuwa tumejaa katika hoteli yangu tukitazama runinga, Rais Kibaki akiinua Katiba mpya Uhuru Park. Nilikuwa nikimimina chai nilipoisikia tarehe. Nilimwaga nusu ya birika. Watu walidhani ni furaha, na furaha ilikuwepo, lakini mimi nilikuwa nimesikia mizinga. Ilikuwa tarehe ileile. Miaka 114 kabla ya siku hiyo, Hamud alipewa kiti bila kuchaguliwa na mtu. Sasa mji wenye jina lake unasomewa kifungu kinachosema wananchi washirikishwe. Nilijaribu kuwaeleza wateja, nikashindwa kwa sababu ya machozi.

Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 halmashauri 175 zilikwisha, zikaja kaunti 47. Kwetu madiwani wakawa wawakilishi wa wadi, wadi 30 katika Makueni, sisi tukiwa Kasikeu. Gavana akawa Profesa Kivutha Kibwana. Na karibu mara moja gavana na bunge la kaunti wakafarakana, hasa juu ya bajeti. Kazi zikasimama. Tarehe 23 Septemba 2014 risasi zikalia katika viwanja vya bunge pale Wote na watu wakajeruhiwa.

Wakazi walianza kukusanya sahihi za kumwomba Rais aivunje kaunti. Sheria inaruhusu: asilimia 10 ya wapiga kura wakiomba, Rais anaweza kuunda tume ichunguze, na kaunti ikisimamishwa, uchaguzi mpya hufuata. Karatasi zilifika steji, zikafika mezani kwangu. Nilikaa nazo siku mbili. Mimi niliyeisubiri serikali ya karibu tangu koo yule mwekundu, sasa niombe ichukuliwe irudi Nairobi? Mume wangu alisema, “Ukimkanya mtoto humuui.” Jirani yangu muuza mbuzi akasema kuvunja kaunti ni kuchoma nyumba kwa ajili ya panya. Wote wawili nilikubaliana nao. Mwishoni niliweka sahihi, kwa sababu moja: kwa mara ya kwanza niliweza kutia jina langu mahali pa wazi dhidi ya wakubwa bila kutazama kama kuna mtu mwenye kalamu ananitazama. Ilikuwa deni la 1988. Najua si sababu ya kisiasa.

Tume iliundwa, ikiongozwa na wakili Mohammed Nyaoga, ikasikiliza watu. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamua kaunti isivunjwe. Wapo waliolia. Mimi nililala usingizi mzito usiku ule, nikajua kwamba moyoni nilikuwa nikiomba tushindwe. Mwaka 2017 gavana alirudishwa na wengi wa wawakilishi wa wadi hawakurudi.

Watu wa nje huja Makueni kujifunza jinsi tunavyoshirikishwa, na huandika sana juu ya ngazi zake: kijiji, kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, na kuendelea hadi kongamano la kaunti. Kwangu mimi kitu kikubwa kilikuwa kidogo zaidi. Mikutano ya kijiji ilianza kuitishwa alasiri, mahali ninapofika kwa miguu. Nauli ilikuwa sifuri. Mara ya kwanza nilipoona bibi wa miaka 80 akija na kigoda chake mwenyewe, akakiweka mbele kabisa, nilitoka nje ya uzio kidogo nikajifuta macho kwa leso. Mama yangu alikuwa amefariki 2009.

Jambo la pili ni kamati za mradi. Wakazi wanaichagua kamati, na mkandarasi halipwi mpaka kamati itie sahihi kwamba kazi imefanyika. Nilichaguliwa kwenye kamati moja, ya choo cha soko, na swali langu la kwanza lilikuwa lile nililoshindwa kulijibu zamani: kiasi gani? Tulipewa namba. Tuliiandika kwa makaa ukutani, kubwa, kila mpita njia aione. Fundi alipoleta mchanga uliojaa udongo, tulimwambia arudishe, akarudisha, kwa sababu sahihi ilikuwa kwetu. Choo kina vyumba sita, kuta zake ni zilezile zilizoachwa usawa wa madirisha, tukazipandisha. Siku ya kufunguliwa nilitaka kusema kitu juu ya mama. Sikusema. Niliingia, nikafunga komeo, nikakaa mle peke yangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nimetaja mchanga, na hapo nina mzigo mwingine. Mito yetu haina maji juu, maji yake yako ndani ya mchanga. Mvua ikipita, mchanga hunywa na kuhifadhi, nasi hufukua visima vya mkono wakati wa kiangazi. Ndiyo maana vikundi vya mwethya, yaani kazi ya pamoja, Ukambani vimejenga kuta za kukinga mchanga mtoni kwa miaka mingi. Nairobi ilipoanza kujengwa kwa kasi, malori yakaja kuuchota mchanga ule usiku na mchana. Mchanga ukiondoka, maji hayana pa kulala; yanakimbilia baharini na kutuacha na mwamba. Watu wameuawa Makueni kwa ajili ya mchanga, askari polisi akiwemo. Na wapakiaji wa malori walikula kwangu. Chapati 60, wakati mwingine 80 kwa siku. Nilizipika huku nikijua shangazi yangu kule ndani anafukua kisima kwa kina cha mtu na nusu kupata mtungi mmoja.

Kaunti ilipotunga sheria ya mchanga mwaka 2015, kulikuwa na baraza, nikaulizwa maoni yangu kama mfanyabiashara. Niliunga mkono sheria. Mauzo yangu yalipungua karibu nusu na nikamwachisha kazi msichana mmoja, mwenye mtoto. Alinilaumu, na alikuwa na haki. Mpaka sasa tukikutana njiani tunasalimiana, lakini haketi. Sioni njia ambayo ningemridhisha yeye na shangazi kwa sauti moja, na mtu akikuambia siasa za mashinani ni nyepesi kwa sababu wote mnajuana, mwambie kujuana huko ndiko kunakoziongezea uzito.

Reli mpya ilifunguliwa 31 Mei 2017. Stesheni yetu ya zamani ilibaki kimya na treni ya abiria sasa husimama Emali. Mizigo ilipolazimishwa kupanda reli, madereva wa malori wakapungua barabarani, na miji yote ya barabara kuu iliona njaa ya biashara. Amri hiyo ilipoondolewa mwaka 2022, wakaanza kurudi. Mimi sasa siuzi chapati nyingi tena, magoti hayaruhusu. Mji umeunganishwa na Emali kuwa manispaa moja, na tunajifunza upya nani anashika nini: taka ni za nani, taa ni za nani, mtaro uliofurika mbele ya duka la simu ni wa kaunti, wa manispaa, au wa wenye barabara kuu. Nimeanza daftari la maswali hayo.

Majuzi nilichaguliwa kwenda Wote kusemea wauzaji wa soko katika kikao cha bajeti. Tuliomba pesa za mtaro huo. Wanawake 14 walichanga shilingi 50 kila mmoja, jumla 700, nami nikaziandika mbele yao. Nilifika, nikamkuta mkubwa, nikasema, nikaandikwa. Jioni nilirudi nikawakuta wananisubiri kwenye mabenchi ya hoteli, wengine na watoto mgongoni. Sikuanza na habari za mtaro. Nilianza na daftari. Nauli Sultan hadi Emali 100, Emali hadi Wote 200, kurudi kadhalika, jumla 600. Nikaweka mezani shilingi 70.

Msichana mmoja anayeuza nyanya, ambaye hajatimiza hata mwaka sokoni, akahesabu kwa vidole. “Mwaitu,” akaniambia kwa adabu, “hapo tunakosa 30.”

Nilimwambia ni chai niliyokunywa Wote adhuhuri. Wakaanza kujadiliana kama chai ni nauli au si nauli. Jua lilizama, nikawasha taa, nikaketi upande wa pili wa meza kusubiri uamuzi wao.